Ushahidi wa Mwalimu Mkuu: Hesabu za Shule na Maana Yake

Neno "ushahidi" limetokana na "shahidi", nalo asili yake ni Kiarabu: mtu aliyehudhuria jambo akaliona. Lakini shahidi, hata akiwa mkweli, hujibu lile aliloulizwa tu. Ndivyo zilivyo hesabu za shule. Mwalimu mkuu anazo nyingi: daftari la mahudhurio, alama za majaribio, taarifa za wathibiti ubora. Hizo haziwi ushahidi mpaka aziulize swali.

Katika mtihani wa darasa la saba wa mwaka 2012, watahiniwa waliofaulu walikuwa kadiri ya 31 tu katika kila 100. Mwaka uliofuata ulianza mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, na shule zikapangwa kwa rangi: kijani, manjano na nyekundu. Shule ya rangi nyekundu ilijua kuwa imeshindwa, sababu haikuambiwa. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule zilizoongoza, lakini swali la sababu lingali pale pale.

Yafaa kutazama mahali kama Majengo, kata ya mji wa Dodoma yenye soko lake. Kiswahili ndiyo lugha ya biashara, lakini nchi hii ni ya Wagogo, na wako watoto ambao lugha yao ya nyumbani ni Kigogo. Ichukuliwe mfano kwamba watoto watatu wa darasa la pili wamepata alama 20 kati ya 50 katika kusoma. Wa kwanza hawezi kuunganisha silabi. Wa pili husoma "thamani" akatamka "samani", na "dhahabu" akatamka "zahabu", kwa kuwa sauti hizo za asili ya Kiarabu hazimo katika Kigogo. Wa tatu hakuonekana darasani siku nyingi za masika, wakati wa kilimo.

Alama ni moja, sababu ni tatu. Mwalimu mkuu akiamuru masomo ya ziada kwa wote, huenda akamfaa wa kwanza peke yake. Wa pili aulizwe maana ya neno alilosoma: akijibu kuwa ni bei ya kitu, basi kusoma amesoma, na anayehitaji mafunzo ni msahihishaji. Habari ya wa tatu imo katika daftari la mahudhurio, na dawa yake ni mazungumzo ya kamati ya shule na wazazi.

Kwa hiyo hana budi mwalimu mkuu kulinganisha mashahidi wake, kumsikiliza mtoto akisoma kwa sauti, kubadili jambo moja, kisha kupima tena kwa kipimo kile kile baada ya muhula. Asipofanya hivyo, mtoto ajuaye kusoma aweza kurudishwa darasa kwa kosa la matamshi, na hesabu za shule zikaonekana kuwa sahihi kabisa.