GPA ya chuo huanza kuhesabiwa muhula wa kwanza

Mtoto akishafika chuoni, simu za nyumbani huwa na maswali mawili: umekula, na bumu limeingia? Swali la masomo husubiri matokeo yatoke, na hapo mara nyingi limechelewa.

Kijana anayetoka kidato cha sita amezoea mtihani mmoja mkubwa wa mwisho. Akiteleza kidato cha tano, ana nafasi ya kujirekebisha. Chuo kikuu hakiendi hivyo. Matokeo ya kila muhula huingia kwenye GPA atakayohitimu nayo.

Vyuo vikuu vyetu vingi hutumia pointi tano: A ni 5, B+ ni 4, B ni 3 na C ni 2. Daraja la kwanza huanzia 4.4, na daraja la pili la juu 3.5. Chukulia kozi ya miaka mitatu yenye uzito sawa kila mwaka. Aliyemaliza mwaka wa kwanza na 3.0 anahitaji wastani wa 3.75 kwa miaka miwili iliyobaki ili afike 3.5. Akibaki na 3.0 hadi mwisho wa mwaka wa pili, atahitaji 4.5 mwaka wa tatu, mwaka ambao huwa na utafiti na presha ya kutafuta kazi. Wanaofanikiwa kupanda namna hiyo wapo, lakini si wengi.

Kwa hiyo "nataka first class" bado si lengo, ni matamanio. Lengo linaanzia kwenye somo mojamoja. Katika vyuo vingi kazi za darasani na majaribio hubeba maksi 40, mtihani wa mwisho 60. Panapotolewa A kuanzia 70, mwanafunzi aliyeingia mtihanini na 22 anahitaji 48 kati ya 60. Mwenzake mwenye 30 anahitaji 40 tu. Tofauti hiyo haitengenezwi usiku wa kuamkia mtihani. Hutengenezwa wiki ya nne au ya tano, wakati wageni wengi wa chuo bado wanashangaa uhuru wa kutoamshwa na mtu.

Kukamatwa somo nako kuna gharama ambayo wazazi wengi hawaijui: mara nyingi anayefaulu mtihani wa marudio huandikiwa C, hata kama amepata maksi za juu.

Mzazi hahitaji kujua Hesabu wala Sheria ili asaidie, na kumtisha mtoto kwa ada aliyolipa humfundisha kuficha tu. Katikati ya muhula, muulize somo gani linamsumbua, amepata ngapi kati ya 40, na amekwenda kumwona mhadhiri au kujiunga na kundi la kusomea. Akijibu "niko poa" kwa yote matatu, muulize tena kwa upole, somo mojamoja, kabla ratiba ya mitihani haijabandikwa.