Duara lililopasuka ubavuni: hesabu ya kikokotoo cha grafu Korogwe na Handeni

Kikokotoo kinachochora grafu, tuseme TI-84 Plus, huuzwa Marekani kati ya dola 100 na 150. Tuchukue dola 120, na dola moja tuihesabu kwa shilingi 2,500. Hiyo ni shilingi 300,000 kabla ya usafiri na ushuru. Amri ya kima cha chini iliyoanza Januari 2023 ilimpangia mfanyakazi wa kilimo shilingi 140,000 kwa mwezi, kwa hiyo mzazi anayekata mkonge Korogwe angefanya kazi zaidi ya miezi miwili, bila kula wala kulipa pango, ili mwanawe ashike mashine hiyo. Ada ya bweni kidato cha tano na sita katika shule za serikali ilikuwa shilingi 70,000 kwa mwaka hadi ilipofutwa mwaka 2022. Bei ya kikokotoo kimoja ingelipa ada hiyo miaka minne na chenji ya 20,000 ingerudi.

Sasa zidisha kwa darasa. Wanafunzi 40 ni shilingi milioni 12. Kalkuleta ya kawaida, ile ambayo wanafunzi huiita saintifiki, nikiikadiria kwa shilingi 40,000, darasa hilohilo linahitaji milioni 1.6. Tofauti ni mara saba na nusu, na fedha hiyo ingeenda kununua kitu ambacho siku ya mtihani kinabaki nje ya mlango. Baraza la Mitihani huruhusu vikokotoo visivyoingizwa programu, na TI-84 huingizwa programu.

Mikato ya koni, yaani duara, duaradufu, parabola na haipabola, ina uzito gani kwenye pepa lenyewe? Kwa muundo uliozoeleka wa Advance, jometri ya kuratibu ya pili, inayobeba mikato ya koni, hukaa pepa la pili, sehemu B, swali la alama 20 ambalo mtahiniwa anaweza kulichagua au kuliacha. Pepa ni saa 3 kwa alama 100, dakika 1.8 kwa kila alama. Swali hilo lina dakika 36. Ndani ya dakika hizo anatakiwa apange mlinganyo, atafute fokasi, pengine aandike mlinganyo wa tanjenti, na achore. Atakuwa na penseli, rula na saintifiki yake.

Wengi huamini kwamba mwanafunzi wa Chicago mwenye mashine ya laki tatu huona mchoro mzuri zaidi kuliko binti wa Korogwe Girls mwenye karatasi ya grafu. Tuipime imani hiyo kwa hesabu.

Skrini ya TI-84 Plus, iliyotoka mwaka 2004, ina nukta 96 kwa 64. Ni idadi ileile ya Casio fx-7000G ya mwaka 1985, kikokotoo cha kwanza cha grafu kuuzwa madukani. Grafu yenyewe hutumia nukta 95 kwa 63, jumla 5,985. Karatasi ya grafu yenye miraba midogo ya milimita 2, eneo la sentimita 18 kwa 24, ina miraba 90 kwa 120, yaani 10,800. Karatasi ina nafasi karibu maradufu.

Tuiwashe mashine na kuipa duara la nusu kipenyo 5, x² + y² = 25. Kwanza itakataa kuipokea hivyo ilivyo, kwa sababu pale kwenye Y= inataka kila x iwe na y moja tu. Tunaligawa duara sehemu mbili: Y1 ni kipeuo cha pili cha 25 − X², Y2 ni hasi yake. Dirisha la kawaida ni kutoka −10 hadi 10 pande zote. Nukta moja ya mlalo inabeba 20 ÷ 94, yaani 0.213, ya wima inabeba 20 ÷ 62, yaani 0.323. Kwa hiyo duara letu lina upana wa nukta 47 na kimo cha nukta 31. Kinachoonekana ni yai lililolala. Dawa yake ipo, amri ya ZSquare, inayopanua mlalo hadi ±15.16 na kulirudisha duara katika umbo lake.

Kasoro ya pili ni ya ndani zaidi. Mashine hukokotoa safu kwa safu. Kwenye dirisha lile la kwanza, safu ya mwisho iliyo ndani ya duara iko x = 4.894, inayofuata iko 5.106, ambako hakuna jibu. Kwenye 4.894, y ni 1.026. Mstari wa juu unaishia hapo, wa chini unaishia −1.026, na kati yake pamebaki pengo la nukta kama sita. Duara limepasuka ubavuni, kulia na kushoto. Mwanafunzi mwenye penseli hapasui duara lake, kwa sababu (5, 0) ndiyo nukta ya kwanza anayoiweka. Mwenye mashine anayejua kazi yake huhamia dirisha la ZDecimal, nukta moja 0.1, na duara la nusu kipenyo 3 linafunga. Au hutumia cos na sin za pembe T. Au hufungua programu ya Conics iliyomo humo. Lakini ajue kwanza kwamba pengo ni la mashine.

Sasa karatasi. Duaradufu x²/25 + y²/9 = 1, kipimo sentimita 1 kwa kizio 1. Mraba mdogo unabeba 0.2, karibu sawa na ile nukta ya 0.213. Saintifiki yenye jedwali, kama fx-991ES PLUS, inatoa hadi safu 30. Hapa zinatosha 11, x kutoka 0 hadi 5 kwa hatua ya nusu. Kwenye 3 inatoa 2.4, kwenye 4 inatoa 1.8, kwenye 4.5 inatoa 1.308. Kwa kuwa umbo linajirudia juu na chini, kulia na kushoto, thamani 11 huzaa nukta 40. Fokasi ziko ±4. Na ile 1.8 iliyo juu ya fokasi ni nusu ya kamba ya 3.6 inayopita hapo, ambayo fomula 2b²/a, a ikiwa 5 na b ikiwa 3, inaithibitisha: 18 ÷ 5. Nyenzo yote ni karatasi moja.

Penseli inashindwa kasi. Kwenye kipindi cha dakika 40, duaradufu mbili ni kazi nzuri. Mashine inachora kumi na mbili, na hapo mwanafunzi huona jambo ambalo mchoro mmoja hauonyeshi: a ikibaki 5, b ikishuka kutoka 5 hadi 1, kila fokasi inasogea mbali na kitovu kutoka 0 hadi 4.9, na usiduara, yaani kipimo cha umbo kuachana na duara, unapanda kutoka 0 hadi 0.98. Thamani ya laki tatu iko hapo, na darasa linahitaji mashine moja tu mezani kwa mwalimu, au kompyuta moja yenye GeoGebra, ambayo ni bure. Mashine moja na saintifiki 40 ni milioni 1.9. Barabara ya lami kati ya Korogwe na Handeni ni kilomita 65. Shule mbili, moja kila upande wa barabara hiyo, zinaweza kupokezana mashine hiyo kila muhula.

Haipabola nzuri kuliko zote haina bei. Simika kijiti cha mita 1 uwanjani na uweke kokoto kwenye ncha ya kivuli kila nusu saa. Korogwe iko digrii 5 na kidogo kusini mwa ikweta. Tarehe 21 Desemba, jua likiwa juu kabisa, kivuli kinaelekea kaskazini, sentimita 33, na kokoto za siku nzima zinachora haipabola. Kidato cha tano huanza Julai, mkunjo ukiwa upande wa kusini. Kufikia 23 Septemba kokoto zote ziko kwenye mstari mmoja ulionyooka kutoka magharibi hadi mashariki, sentimita 9 kusini mwa kijiti.