Msingi wa Ukumbi wa Michezo kwenye Udongo Unaovimba

Utangulizi

Katika mada ya kanieneo ulijifunza kwamba kanieneo ni kani gawanya kwa eneo. Ndiyo maana trekta lina magurudumu mapana, na jengo zito hupewa msingi mpana ili lisititie. Hata hivyo, kanuni hii ikitumiwa bila kuchunguza udongo, jengo linaweza kuharibika. Mfano mzuri ni ukumbi wa michezo wa shule unaojengwa kwenye udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Shinyanga nchini Tanzania au wa tambarare za Athi nchini Kenya.

Tabia ya udongo mweusi

Huu ni udongo wa mfinyanzi wenye chembe ndogo sana zilizo kama vibamba. Maji yakiingia kati ya vibamba, vibamba husukumana na udongo huvimba. Wakati wa kiangazi maji hupungua, udongo husinyaa na kupasuka. Kwa hiyo jengo hupandishwa masika na kushushwa kiangazi. Kuta hupata nyufa za mshazari kwenye pembe za milango na madirisha, na milango hukwama.

Jaribio: Chukua sm³ 10 za udongo mkavu uliosagwa na kuchekechwa. Umimine polepole katika silinda ya kupimia yenye maji, kisha usubiri saa 24. Ukisoma sm³ 18, udongo umeongezeka sm³ 8, yaani asilimia 80. Udongo unaoongezeka chini ya asilimia 50 kwa kawaida hausumbui majengo. Unaozidi hapo unahitaji uangalifu.

Kwa nini ukumbi huathirika zaidi?

1. Ni mpana na hauna nguzo katikati. Uwanja wa mpira wa kikapu pekee una urefu wa m 28 na upana wa m 15. Paa hubebwa na kenchi ndefu zinazokaa juu ya nguzo za pembeni.

2. Ni mwepesi. Paa la mabati halina uzito wa kutosha kuuzuia udongo usivimbe.

3. Sakafu yake hufunika udongo. Unyevu wa katikati hauwezi kukauka kwa jua, lakini udongo wa kingoni hulowa na kukauka kila mwaka. Matokeo yake, sakafu huinuka katikati kama mgongo, na uwanja haufai tena kwa michezo.

Mfano wa hesabu

Nguzo moja pamoja na paa inalobeba na msingi wake ina uzito wa kN 60. Udongo ukilowa husukuma juu kwa kanieneo ya kPa 100. Linganisha misingi mitatu, ukipuuza mabadiliko ya uzito wa zege.

(a) Eneo m² 1: kanieneo ya msingi = 60 ÷ 1 = kPa 60. Udongo unasukuma kwa kN 100. Kani inayobaki ni kN 40 kuelekea juu.

(b) Eneo m² 2: kanieneo = 60 ÷ 2 = kPa 30. Udongo unasukuma kwa kN 200. Kani inayobaki ni kN 140 kuelekea juu.

(c) Eneo m² 0.5: kanieneo = 60 ÷ 0.5 = kPa 120. Msingi hauinuliwi. Lakini mfinyanzi uliolowa na kulainika huhimili chini ya kPa 75, hivyo msingi utatitia.

Zingatia: Wanafunzi wengi hujibu kwamba dawa ya udongo mbaya ni kupanua msingi. Jibu hilo ni sahihi kwa udongo laini usiovimba. Kwa udongo unaovimba, kupanua msingi huongeza kani ya kuinua jengo.

Njia za kutatua tatizo

• Kuondoa udongo mweusi, ikiwa tabaka lake si nene, na kujaza moramu inayoshindiliwa tabaka kwa tabaka.

• Kuchimbia nguzo za zege hadi kwenye mwamba au udongo usiobadilika. Nguzo huwekwa nondo kwa urefu wake wote, kwa sababu udongo unaovimba hushika ubavu wake na kuivuta juu. Mkanda wa zege unaounganisha nguzo huachiwa nafasi tupu chini yake ili udongo uvimbe bila kuugusa. Sakafu nayo hubebwa na nguzo, hailali juu ya udongo.

• Kuchanganya udongo na chokaa ili kupunguza uwezo wake wa kuvimba.

• Kudhibiti maji: kuweka gata, mitaro na sakafu ya nje kuzunguka ukuta, na kutopanda miti mikubwa karibu. Njia hii huambatana na zote zilizotangulia.

Kuchimba mashimo ya uchunguzi kabla ya ujenzi ni gharama ndogo ikilinganishwa na kubomoa ukumbi uliopasuka, na hulinda maisha ya wanafunzi.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa nini sakafu ya ukumbi huinuka katikati zaidi kuliko kingoni.

2. Nguzo yenye uzito wa kN 90 imekaa juu ya msingi wa m² 1.5. Udongo unasukuma juu kwa kPa 80. Tafuta (a) kanieneo ya msingi, (b) kani inayobaki na mwelekeo wake.

3. Kwa nini mkanda wa zege huachiwa nafasi chini yake?

Jibu la swali la 2: (a) kPa 60, (b) kN 30 kuelekea juu.