Ndevu za mti na panya shamba: hela ya dawa iende wapi?

Mkulima mwenye kahawa kihambani, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na mahindi kwenye shamba la tambarare hukutana na wageni wawili. Mmoja anatisha kwa macho tu. Mwingine humuoni, ila ndiye anayekula mtaji.

Ndevu za mti. Zile nyuzi za kijivu zinazoning'inia kwenye matawi ni kuvumwani aina ya Usnea. Humo kuna kuvu na mwani wanaoishi kama kiumbe kimoja: mwani anatengeneza chakula kwa mwanga wa jua, kuvu anampa makazi na unyevu. Hawafyonzi mti. Maji na madini wanapata kwenye mvua, ukungu na hewa, na wanakua polepole sana. Ukiona zimejaa kwenye mkahawa uliodhoofu, sio zenyewe zilizoudhoofisha. Majani yalipungua, mwanga ukaingia, nazo zikapata nafasi. Kwa hiyo usinunue dawa ya kuziua. Pogoa matawi yaliyochoka, weka samadi, kisha kagua chulebuni na kutu ya majani.

Panya shamba. Huyu ni Mastomys natalensis. Jike hubeba mimba siku kama 23 na anaweza kuzaa watoto 10 au zaidi kwa mkupuo mmoja. Usiku anafukua mbegu ulizofukia mchana, na mche ukichomoza anaukata. Hasara kubwa iko kwenye siku za mwanzo baada ya kupanda. Kurudia kupanda maana yake ni mbegu mpya, vibarua wapya, na mvua inazidi kukuacha.

Fanya hivi kabla ya kupanda:

- Fyeka kingo za shamba na kagua mashimo.
- Tegeni mitego au wekeni sumu pamoja na majirani. Ukifanya peke yako, wa jirani watahamia kwako.
- Pandeni kwa wakati mmoja.
- Sumu itumike kwa maelekezo ya afisa ugani, mbali na watoto na mifugo.
- Usishike panya aliyekufa kwa mkono mtupu, maana viroboto wake wanaweza kubeba tauni. Mzike.

Msimu huu, hela uliyotenga kwa ajili ya ndevu za kahawa ishushe kwenye mahindi. Ukishapanda, pita shambani kila asubuhi uangalie mashimo yaliyofukuliwa.