Je, Wajua? Gazeti la Kenya Lilizaliwa Pwani

Magazeti ya kila siku yanayouzwa Malindi na Kilifi huhaririwa Nairobi, na vijana wengi hudhani ndiko yalikoanzia. Sivyo. Uandishi wa habari wa Kenya una kitovu chake Pwani, na ni haki ya kila Mpwani kuijua historia hiyo.

Je, wajua kwamba gazeti kongwe zaidi la kila siku nchini, The Standard, lilizaliwa Mombasa? Mwaka 1902 tajiri Alibhai Mulla Jeevanjee, mzaliwa wa Karachi, alianzisha The African Standard, gazeti la Kiingereza lililotoka mara moja kwa wiki. Alimwajiri W. H. Tiller awe mhariri wake.

Je, wajua ni nini kilicholihamisha? Reli. Ilifika Nairobi mwaka 1899, na makao makuu ya serikali yakaifuata mwaka 1905. Mwaka huo huo Jeevanjee aliliuza gazeti, na wenye mali wapya wakaliita East African Standard. Kufikia 1910 lilikuwa limehamia Nairobi na kuwa gazeti la kila siku.

Je, wajua kwamba Mombasa haikubaki mikono mitupu? Standard lilipokwenda bara, mji ulikuwa na Mombasa Times, gazeti la kila siku lililowahudumia wasomaji wa Kiingereza wa Pwani kwa miongo kadhaa.

Je, wajua kwamba hata Standard lilitanguliwa? Mwaka 1895 wamisionari wa Kianglikana walianza kuchapisha Taveta Chronicle huko Taveta. Lilitoka kila baada ya miezi mitatu.

Na je, wajua kwamba Kiswahili kilitangulia zaidi? Jarida la Msimulizi lilianza kutolewa Zanzibar mwaka 1888 na wamisionari wa UMCA (Universities' Mission to Central Africa). Mwaka 1904 gazeti la Kiongozi likaanza Tanga chini ya utawala wa Wajerumani. Kwa hiyo, kupitia Msimulizi, Mswahili alikuwa akisoma habari kwa lugha yake kabla Nairobi haijawa mji.

Je, wajua kwamba habari moja iliyotoka Rabai, Kaunti ya Kilifi, iliwagawanya wasomi wa London? Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann, aliyekuwa akiishi Rabai pamoja na Ludwig Krapf, aliuona mlima Kilimanjaro na theluji kileleni. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1849 katika jarida la Church Missionary Intelligencer. Mabingwa wa jiografia ambao hawajawahi kukanyaga Afrika Mashariki walikana kwamba theluji inaweza kuwepo karibu na ikweta. Miaka ikapita ndipo ikathibitishwa kwamba Rebmann alisema kweli.

Je, wajua kwamba kuna gazeti la Pwani lililoandikwa kwa mkono? Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alianza kutoa Sahifa: karatasi moja, imeandikwa pande zote mbili, lugha ni Kiswahili na herufi ni za Kiarabu. Ndani yake aliwahimiza Waislamu wa Pwani wasomeshe watoto, waache anasa na walinde mali zao. Baadhi ya makala hayo yalikusanywa baadaye katika kitabu Uwongozi.

Je, wajua kwamba Sahifa lilizaa gazeti kamili? Mwaka 1932 Sheikh Al-Amin alianzisha Al-Islah, la kila wiki, kwa Kiswahili na Kiarabu. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Ukoo wake wa Mazrui una mizizi pia katika Kilifi: baada ya kushindwa na Sultani Sayyid Said mwaka 1837, tawi moja lilihamia Takaungu.

Je, wajua nani alikuwa mhariri wa kwanza wa Baraza? Gazeti hilo la Kiswahili la kila wiki lilianzishwa na East African Standard mwaka 1939, na kiti cha uhariri akapewa Francis Khamisi, mtu wa Pwani mwenye asili ya Rabai. Mwaka 1944 akawa miongoni mwa waasisi wa chama kilichokuja kuitwa KAU (Kenya African Union), na katibu wake wa kwanza. Mwanawe, Joe Khamisi, naye alikuwa mwanahabari, akaongoza shirika la utangazaji la KBC, kisha akawa mbunge wa Bahari, Kilifi.

Je, wajua kwamba Taifa Leo ni mkubwa kwa Daily Nation? Mwaka 1958 Charles Hayes alianzisha Taifa, gazeti la Kiswahili la kila wiki. Aga Khan alilinunua mwaka 1959. Mwaka uliofuata Taifa Leo likawa la kila siku, na Daily Nation likafuata Oktoba 3, 1960. Kampuni kubwa inayoyachapisha magazeti hayo mawili ilianza kwa Kiswahili.

Je, wajua kwamba Taifa Leo liliwahi kuwa na mshindani? Mwaka 1983 chama cha KANU kililinunua Nairobi Times la Hilary Ng'weno, likageuzwa Kenya Times, na pamoja nalo likaja Kenya Leo kwa Kiswahili. Yote mawili yametoweka. Taifa Leo lipo.

 

Je, wajua kwamba gazeti la Kiswahili ni ukumbi wa malenga? Shairi la tarbia lina mishororo minne kila ubeti, na kila mshororo mizani 16: nane upande wa ukwapi (nusu ya kwanza), nane upande wa utao (nusu ya pili), na vina kati na mwisho. Malenga mmoja huuliza swali gazetini, na mwingine wa mji wa mbali humjibu katika toleo la baadaye, kwa bahari ile ile. 

Je, wajua ni lini Kilifi ilikaa kurasa za mbele kwa miezi? Kuanzia Aprili 2023, makaburi yalipogunduliwa katika msitu wa Shakahola na miili zaidi ya 400 ikafukuliwa. Wanahabari wa dunia nzima wakafurika Malindi. Lakini bei ya korosho, mashamba ya maskwota na samaki wa wavuvi wetu ni habari pia, na hazipaswi kungoja msiba.

Msomaji, kama kuna Baraza, Mombasa Times au Taifa la zamani sandukuni kwa babu au bibi, usiliache lifungiwe maandazi wala lichomwe na takataka. Lifunge vizuri, uandike limetoka kwa nani, ulipeleke makumbusho ya Malindi au maktaba iliyo karibu nawe. Na ukiwa na habari ya kijiji chako, iandike uipeleke kwa mhariri. Sheikh Al-Amin alianza na karatasi moja.