Kufuta Picha za Diski: Nafasi Itakayopatikana Hukadiriwaje?

Mtunza kompyuta katika mahali kama Kabanga, wilayani Kasulu, penye chuo cha ualimu na hospitali, hawezi kuagiza diski mpya asubuhi akaipata jioni. Dar es Salaam iko umbali wa zaidi ya kilomita 1,000. Diski inapokaribia kujaa, hapana budi apate nafasi katika ile ile aliyo nayo. Hufuta mafaili makubwa ya filamu za masomo, kisha hushangaa kuona kwamba nafasi haikuongezeka.

Sababu ni picha za hali. Mfumo wa mafaili kama ZFS, uliotolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 2005, hauandiki maandishi mapya juu ya yale ya zamani, bali huyaandika penginepo. Kwa hiyo ni rahisi kuhifadhi sura ya diski kama ilivyokuwa saa fulani: vipande vya zamani huachwa tu mahali pake. Picha inapochukuliwa haitumii karibu nafasi yoyote. Gharama huja baadaye, kila kinapofutwa au kubadilishwa kitu ambacho picha bado inakishikilia. Kipande hicho ni kama shamba la ukoo. Haliwezi kuuzwa mpaka mwenye haki wa mwisho ameridhia.

Ichukuliwe kwamba ziko picha tatu: ya Jumatatu, ya Jumanne na ya Jumatano. Orodha ya mfumo yaonyesha kuwa zinatumia gigabaiti 2, 1 na 3. Wengi watajumlisha na kupata 6. Hesabu hiyo ni potofu, maana kila tarakimu huhesabu vipande vinavyoshikiliwa na picha hiyo peke yake. Filamu za gigabaiti 60 zilizofutwa Alhamisi zimo katika picha zote tatu, hivyo hazionekani katika tarakimu hata moja. Tena yapo mafaili ya gigabaiti 10, yaliyofutwa kabla ya picha ya Jumatano, ambayo yamo katika zile mbili za kwanza. Kufuta picha ya Jumatatu hurudisha 2 tu, na papo hapo tarakimu ya Jumanne hupanda kutoka 1 hadi 11. Kufuta hizo mbili hurudisha 13. Zote tatu, 76.

Mfumo wenyewe waweza kulijua jibu, kwa sababu kila kipande huandikiwa namba ya kuzaliwa kwake. Kipande huzaliwa mara moja na hufa mara moja, basi hushikiliwa na picha zinazofuatana, kamwe si ya Jumatatu na ya Jumatano bila ya Jumanne. Katika ZFS, amri ya kufuta ikiongezewa alama -nv hutaja nafasi itakayopatikana bila kufuta chochote. Majina ya picha ya kwanza na ya mwisho huunganishwa kwa alama ya asilimia, ili kundi zima likadiriwe kwa pamoja.

Lakini gigabaiti 60 za filamu haziwezi kurudi mpaka picha zote tatu zimefutwa, na pamoja nazo hupotea nakala za alama za mitihani. Yafaa zaidi filamu ziwekwe tangu mwanzo katika sehemu yake ya mfumo, ambayo haichukuliwi picha, au ambayo picha zake hufutwa baada ya siku moja.