Simu ndani ya kofia ngumu

Kijana wa bodaboda alipita karibu na Soko la Majengo, jijini Dodoma, akiongea peke yake. Abiria nyuma, mikono yote miwili kwenye usukani, kofia ngumu kichwani, mkanda umebana kidevuni. Trafiki yeyote angemwacha apite. Alipoegesha kijiweni ndipo nikaiona simu: kitochi cha vitufe, kimepachikwa kati ya sikio na kofia, kona yake ikichungulia shavuni.

Nilimwomba anioneshe. Wenzake wakacheka, maana kwao hilo si jambo la kuuliza. Sifongo ya upande wa kushoto aliing'oa mwenyewe, simu ikapata makao. Kofia aliinunua kubwa kuliko kichwa chake, kwa makusudi hayo hayo. Simujanja inakaa mfukoni. Ya kazi ni kitochi, kwa sababu vitufe vyake vinapapasika. Ikiita, mkono wa kulia unabaki kwenye mafuta, wa kushoto unaachia klachi, kidole gumba kinapanda shavuni kutafuta kitufe cha kijani. Na upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba, bosi, unaujua? Ukiishika simu mkononi, anasema, husikii kitu. Humu ndani sauti haitoki.

Nilishindwa kumkasirikia. Ni ufundi, na umebuniwa na njaa. Pikipiki ni ya mkataba. Jioni mwenye pikipiki anataka hesabu yake, iwe umepata au hukupata. Wateja wa kusimama barabarani wamepungua, anasema, siku hizi wanapiga. Mtumishi anataka kutoka Mtumba, mama anataka mzigo wake ufike Kisasa, mwingine yuko kwenye treni ya SGR, bado hajashuka, keshaanza kuuliza boda yuko wapi. Usipopokea, anapiga namba ya mwenzako. Na akishahama, harudi.

Je, haogopi? Anaogopa magari ya mizigo ya barabara ya Morogoro. Simu haiogopi, maana macho yako mbele. Kisha, bila kuulizwa, akasimulia kwamba siku moja alifika Mtumba akiwa anabishana na mteja kuhusu nauli, na hakukumbuka kabisa kupita Nanenane. Stendi kuu ya mabasi nzima, na msongamano wake! Alilisimulia kama kichekesho. Mimi ndilo lililoninyima usingizi.

Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu yuko katika hatari ya kupata ajali mara nne hivi zaidi kuliko asiyetumia, na kwamba kuongea bila kuishika simu hakupunguzi hatari hiyo kwa kiasi kikubwa. Mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni karibu mita 14 kila sekunde. "Nakuja bosi, niko hapa Sabasaba, dakika mbili" ni sekunde tano: mita 70 zimekwenda, klachi haina mkono. Na kofia isiyobana kichwa, siku ya kuanguka, itabaki kichwani?

Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973. Simu za mkononi zilianza kutumika nchini mwaka 1994, sheria ikiwa imeshaandikwa. Lakini hata trafiki mwenye macho makali atamkamataje mtu aliyevaa kofia yake vizuri? Na akimkamata, atakayelipa ni kijana. Aliyepiga mara tatu ndani ya dakika nne kuuliza "umefika wapi?" hana kosa kwenye karatasi yoyote.

Tulikuwa bado tunaongea kitochi kikaita. Akakirudisha kofiani, akafunga mkanda, akawasha pikipiki, akapokea akiwa anaingia barabarani.

Msomaji, ukishamwita boda na akakuambia anakuja, usimpigie tena. Kama umebadili mahali pa kumsubiri, mtumie ujumbe, atausoma akisimama. Na ukiwa wewe ndiye abiria wa nyuma, simu ikiita mwambie aegeshe kwanza, hata kama umechelewa kazini.